Kuvua bila mtumbwi Pangani: mwongozo wa mgeni, kuanzia mwezi hadi kikaangio

Mara ya kwanza nilipokwenda Pangani na ufito wa kuvulia, nilisimama ukingoni mwa mto kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Nilipata kijiti cha mkoko na ndala moja ya mguu wa kushoto. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu upande wa Bweni, ukingo wa kusini wa mto, alinitazama mchana kutwa bila kusema neno. Nilipokwenda kumuaga ndipo aliponiuliza, "Leo mwezi ngapi, mwanangu?" Nikamwambia tarehe ishirini na mbili. Akacheka mpaka akaweka sindano chini. "Hiyo ya mshahara. Mimi nakuuliza mwezi."

Mgeni anayekuja pwani kwa siku nne au tano humaliza pesa kwenye ufito na rili, siku za kuvua akaziacha zijichague zenyewe. Nimeona mtu mwenye mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya maji akijaza ndoo, na hatua ishirini kutoka alipo yuko mwenye ufito wa bei mbaya anayerusha na kuvuta, anayerusha na kuvuta. Nitaeleza habari za Pangani kwa sababu ndiko ninakokujua: mji ulioko kama kilomita 50 kusini ya Tanga, mlangoni mwa mto unaoanzia Kilimanjaro na Meru. Ukiyashika haya, utayatumia kwenye mlango wowote wa mto au hori lolote la mikoko kwenye pwani yetu.

Chagua siku kabla ya kununua chochote

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi mpevu, bamvua hufika kileleni: kutoka kupwa hadi kujaa maji hupanda zaidi ya mita tatu, na bamvua kubwa hukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, yanapanda na kushuka kwa uvivu, mita moja na kidogo tu.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo litakalokuokolea likizo. Kuanzia Tanga hadi Zanzibar saa za bamvua ni zilezile mwaka mzima. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kukupwa karibu saa nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka: kujaa ni karibu saa nne, kukupwa ni karibu saa kumi. Kwa hiyo ukijua mwezi uko wapi, umeshajua saa za maji hata kabla ya kufungua simu.

Kwa anayevua akiwa amesimama nchi kavu, saa nzuri kuliko zote ni maji yanayojaa yakikutana na jua linalozama. Samaki husogea karibu na ukingo kutafuta vilivyofunikwa na maji mapya, na mwanga hafifu huwapa ujasiri. Piga hesabu: bamvua likijaa saa kumi jioni, siku tatu baadaye litajaa saa kumi na mbili na nusu. Basi omba likizo yako iangukie tarehe 3 hadi 5, au 18 hadi 20, za mwezi wa Kiislamu. Kalenda ya ukutani yenye tarehe zote mbili inatosha. Siku hizo unarusha kuanzia saa tisa na nusu alasiri, unavua hadi magharibi, na unaendelea saa moja baada ya maji kuanza kutoka. Mwenye nguvu za kuamka anapata bahati hiyohiyo alfajiri.

Ukijikuta umefika kwenye maji mafu usinune. Mkondo wa mtoni huwa umepoa, chubwi dogo, ile risasi ya kuzamishia mshipi, linakaa chini bila kuburuzwa, na mtoto au mtu anayejifunza anapata nafasi ya kuhisi samaki anavyodonoa. Siku hizo vua kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi. Siku za bamvua kilele, kinyume chake, mtoni ni kazi bure kwa mgeni, nenda ufukweni.

Halafu msimu. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi yanakokota majani ya baharini hadi ufukweni na mshipi wako utarudi umevaa mizigo. Miezi hiyo jifiche ndani ya mto. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mto unashuka na rangi ya chai ya maziwa, magogo na matakataka juu. Utapata hongwe na si vingine vingi. Mimi napenda Oktoba na Novemba, kusi limechoka na kaskazi halijaanza, kisha Januari na Februari.

Usimame wapi

Kazi hii hufanywa maji yakiwa yamekupwa, mikono mitupu. Siku ya kwanza usivue kabisa. Tembea ufukweni saa ya kupwa uone kile kitakachofunikwa: mifereji iliyochimbwa na maji, vidimbwi, mawe, mahali mchanga unapogeuka kuwa tope. Samaki wanapita kwenye mifereji hiyo maji yakirudi, kama watu wanavyopita uchochoroni badala ya kupanda ukuta. Chomeka kijiti nchi kavu, mkabala na kila mfereji mzuri, au kumbuka mnazi ulioko nyuma yake. Maji yakishafunika, ufukwe wote huonekana sawa na wewe ndiye utakayejua siri.

Ufukwe wa Ushongo, kama kilomita 15 kusini ya mto, ni mpana na tambarare. Wengi hurusha kwa nguvu zao zote wakidhani samaki wako mbali. Mara nyingi wako nyuma ya wimbi la kwanza, hatua thelathini kutoka ulipo. Tazama mawimbi: yanapovunjika kuna fungu la mchanga, na palipo na maji ya kijani yaliyotulia kati ya povu na povu kuna kina. Chambo kianguke kwenye ukingo wa kina, si katikati ya povu.

Mlangoni mwa mto tafuta mstari. Maji yakitoka, yale ya mto yenye matope hukutana na ya bahari yaliyo safi, na ukikaa juu kidogo upande wa Bweni utaona rangi mbili zimegusana bila kuchanganyika, na povu jembamba juu ya mpaka wao. Kolekole hupiga doria kwenye mpaka huo. Dagaa na vikamba vinavyosukumwa nje ya mikoko vinatoka vimezubaa, na wao wanawasubiri. Saa mbili za mwisho za maji kutoka, mlango wa mto ndio mahali pa kuwa. Maji yakianza kuingia, mfuate samaki ndani: kwenye kona za mto upande uliolika, ambako kina kiko karibu na ukingo, na pembeni mwa mikoko ambako changu na chewa wadogo hujificha kwenye mizizi. Wazee wa Pangani wanasema chumvi sasa inapanda mtoni mbali kuliko zamani, kwa kuwa maji ya juu yanazuiwa na kutumiwa kabla ya kufika. Wenye minazi wanaumia. Mwenye mshipi anakuta samaki wa bahari mahali ambapo babu yake hakuwakuta.

Usivue kwenye njia ya kivuko wala palipofungwa mitumbwi. Na kwenda juu ya mto kuna mamba. Uliza kila siku, kwa sababu jibu la mwaka jana halina faida.

Fungu la mchanga na ndoo iliyoelea

Mbele ya mlango wa mto maji yakikupwa hutokeza mafungu ya mchanga, na kila mgeni huyatamani. Yako karibu na kina, na kuyafikia unavuka maji ya magotini. Mwaka wa pili nilivuka na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja. Chaa walikuwa wanakula kila chambo kilichogusa maji. Macho yangu yalikuwa kwenye mshipi, mbele. Yeye ndiye aliyegeuka. "Mjomba, ndoo yetu inaelea."

Ndoo tulikuwa tumeiacha nyuma yetu, kwenye mchanga mkavu, upande wa nchi kavu. Maji hayaji kutoka mbele kama unavyodhani. Hujaza kwanza mfereji ulioko nyuma ya fungu, kimyakimya, nawe unabaki kwenye kisiwa huku miguu yako ingali mikavu. Tulitoka maji yakiwa kifuani mwangu na yeye mabegani. Ufito ulibaki huko.

Hesabu ya kujikinga ni hii. Chukua maji yatakayopanda mita 3.6 kwa saa sita. Saa ya kwanza yanapanda sentimita 30 tu, ya pili 60, ya tatu na ya nne 90 kila moja, ya tano 60, ya sita 30. Saa ya kwanza inakudanganya, unaona maji hayana haraka. Kisha kati ya saa ya pili na ya nne yanapanda urefu wa mtu mzima. Kwa hiyo weka kengele ya simu ilie mara maji yanapoanza kugeuka, na ikilia ondoka kwenye fungu, hata samaki wakiwa wanapanga foleni. Ukiwa na mtoto, usivuke kabisa.

Zana, na zile za kuachana nazo

Mshipi wa chupa kwanza, kwa kuwa ndio nafuu na ndio unaokufundisha. Tafuta chupa ngumu ya plastiki ya lita moja na nusu. Funga ncha ya mshipi shingoni ili usiukimbize wote baharini, kisha zungusha mita 80 hivi za nailoni ya milimita 0.50 kwenye tumbo la chupa, karibu na kitako, bila kupandanisha ovyo. Ukitaka kurusha, shika shingo kwa mkono wa kushoto, kitako kikitazama baharini. Mkono wa kulia acha chubwi lining'inie kama mita moja, lizungushe ubavuni mara mbili au tatu, liachie likielekea juu kidogo. Mshipi utachomoka kitakoni wenyewe, mzunguko mmoja mmoja. Kabla ya kufanya hivyo tazama nyuma yako. Ndoano haichagui sikio la nani.

Ufito ukiutaka, wa mita tatu hadi tatu na nusu unatosha ufukweni, na wa mita mbili na nusu mtoni. Jaza rili nailoni ya milimita 0.35 hadi 0.40. Uzi mnene zaidi hushikwa na upepo na mkondo, na unakuhitaji uongeze risasi, na risasi ikiongezeka unaacha kumhisi samaki mdogo. Chambo bandia vya rangi rangi vinavyouzwa kwa wageni, viache dukani mpaka safari ya tatu.

Machubwi: gramu 30 hadi 60 mtoni, 60 hadi 120 ufukweni kwenye mawimbi. Palipo na mawe utayapoteza, kwa hiyo pita kwa fundi pikipiki umwombe plagi chakavu. Zinazama vizuri, na ikikwama hujisikii kulia. Ndoano nunua za saizi mbili tu, ndogo za chaa na za kati za changu na kolekole. Muuzaji wa mjini ukimtajia samaki atakupa namba bila kukosea.

Kuna mafungo mawili ya kujua. La ufukweni: chubwi liko mwisho kabisa wa mshipi, na juu yake, sentimita 30 na 60, kuna matawi mawili mafupi yenye ndoano. Chubwi hukaa mchangani, chambo huchezacheza juu ya mchanga ambako vikaa haviwezi kukimaliza kwa dakika mbili. La mtoni: chubwi lenye tundu linapita huru kwenye mshipi, limezuiwa na kijiti cha kiberiti au pete ndogo ya chuma, na baada ya hapo kuna uzi wa sentimita 60 hadi mita moja wenye ndoano moja. Samaki wa mtoni akichukua chambo anavuta uzi bila kuhisi uzito. Changu ni mjanja. Akihisi chubwi anatema.

Fundo la ndoano: pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, uzungushe wenyewe kwa wenyewe mara tano, rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilichobaki jirani na tundu, lowesha kwa mate, vuta taratibu. Mate si uchawi. Nailoni ikikazwa kavu inapata joto na kudhoofika palepale kwenye fundo. Kisha livute kwa nguvu ukiwa bado nchi kavu.

Kwenye mfuko weka kisu, koleo, kofia, tochi, viatu vya plastiki vya kuingia navyo majini, maji ya kunywa, na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Hiyo ya mwisho utaelewa mbele.

Chambo

Kamba mbichi ndiye mfalme, na mbichi maana yake ni wa leo. Aliyegandishwa wiki mbili anakuwa laini, anatoka kwenye ndoano ukirusha. Nenda sokoni asubuhi au uwakute wavuvi wanaporudi, nunua robo kilo ya wadogo wasiotakiwa na wenye hoteli. Mmenye, ukate vipande vya ukubwa wa kucha kwa chaa. Kwa changu mtie mzima, ndoano ikiingilia mkiani na kufuata mgongo wake hadi ncha ichungulie karibu na kichwa. Mweke kivulini kwenye kitambaa kibichi. Jua la saa saba linamwivisha.

Kamba akikosekana, ukanda wa ngisi unakaa kwenye ndoano kuliko kitu chochote. Kipande cha pweza ni kigumu zaidi lakini kinahitaji samaki mwenye njaa. Kwa kolekole na mzia, tumia dagaa mzima au ubavu wa mkizi uliokatwa mrefu ili upepee majini kama samaki mgonjwa. Ukivua mkizi mwenyewe hongera. Huyo hali chambo kwa urahisi, ingawa atakurukia mbele ya macho siku nzima. Waliosema hasira ya mkizi ni tijara ya mvuvi walikuwa na mtumbwi wa kumpokelea.

Kurusha, kusubiri, kuvuta

Rusha, acha chubwi lizame, vuta mshipi mpaka ukaze kidogo. Kisha upitishe juu ya kidole cha shahada. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachomeka ufito mchangani na kufungua simu. Wiki ya kwanza shika mshipi mkononi.

Utahisi mambo matatu. Mkondo unavuta polepole, bila kukatiza, huo uzoee. Chaa anadonoa, tiki, tiki-tiki, kama mtoto anayegonga mlango na ukucha; usimkurupukie, ngoja donoo lenye uzito kisha inua mkono kwa kifupi. Changu na kolekole hawabishi hodi. Mshipi unaondoka. Huyo hahitaji kukurupushwa, ameshajinasa. Kazi yako ni kuachia anapovuta na kuvuta anapopumzika. Mwenye chupa aache uzi upite vidoleni, na asiuzungushe mkononi hata mara moja, maana nailoni iliyokaza inakata nyama. Akifika kwenye wimbi la mwisho usimwinue hewani. Subiri wimbi lije, rudi nyuma hatua tatu, limbebe lenyewe hadi mchangani.

Dakika kumi na tano bila donoo, vuta utazame chambo. Kikiwa kizima, sogea hatua ishirini. Kikiwa kimeliwa, baki hapo upunguze ukubwa wa ndoano. Ndoano ikikwama kwenye mawe, usivute kwa ufito, utavunjika. Nyoosha ufito kuelekea palipokwama, zungusha mshipi kwenye kijiti kikavu, urudi nyuma taratibu.

Nani umepata, na nani hashikwi

Chaa, yule mweupe mwenye mdomo unaochomoza kama bomba, ndiye utakayempata mara nyingi, na wa kukaanga hana mpinzani. Changu, kolekole wadogo na chuchunge wa juu ya maji ni furaha ya kila mtu. Mzia ana meno ya kukata nailoni. Ukipoteza ndoano mbili mfululizo bila kukwama, weka kipande cha waya chenye urefu wa shibiri juu ya ndoano.

Hongwe utampata mtoni utake usitake. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ya mapezi ya ubavuni, na yote inasimama akishikwa. Mkanyage kwa kiatu, shika ndoano kwa koleo. Ngogo, mweusi mwenye mistari miwili na mkia kama wa mkunga, mkatie uzi aende zake. Mwiba wake ni mbaya kuliko wa hongwe. Tasi pia anachoma, ingawa nyama yake ni tamu. Taa amefukiwa mchangani, kwa hiyo ukiingia majini buruza nyayo badala ya kunyanyua miguu. Akikusikia anaondoka mwenyewe.

Bunju, anayejivimbisha kama mpira ukimtoa majini, haliwi. Sumu yake haiondoki kwa moto wala ndimu, na si ya kujaribiwa na mtu yeyote likizoni. Mrudishe, na usimwache mchangani ambako kuku au paka wa watu atamwokota.

Ukichomwa na mwiba wowote kati ya hiyo, fungua ile chupa ya chai. Changanya maji mpaka yawe ya moto kiasi cha kuvumilika, nyuzi 45 hivi, uyapime kwa mkono usioumia, maana uliochomwa hauhisi vizuri. Zamisha jeraha nusu saa hadi saa moja na nusu, ukiongeza moto yanapopoa. Joto hupunguza makali ya sumu, na maumivu yanashuka mbele ya macho yako. Kisha nenda hospitali hata kama umepata nafuu, kwa sababu kipande cha mwiba hubaki ndani. Mwiba ukiwa umeingia kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe, kimbia hivyohivyo.

Ruhusa na adabu

Tanzania ina Sheria ya Uvuvi ya 2003, na uvuvi unataka leseni. Kabla ya kurusha chochote, pita ofisi ya uvuvi ya wilaya ukaulize inayokuhusu wewe mgeni wa likizo, ulipe na upewe risiti. Ukiwa kijijini, jitambulishe kwa viongozi wa BMU, wale wanaosimamia rasilimali za ufukweni. Kaskazini ya mlango wa mto, kuelekea Tanga, kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa 2009, nayo ina masharti yake. Silikanti mwenyewe, yule samaki wa kale wa kilindini, usimuwaze, anakaa kina ambacho chupa yako haina uzi wa kukifikia. Kusini kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Fukwe zake si za kurushia ndoano kiholela. Ushongo pana mayai ya kasa yanayotunzwa, basi usiku punguza tochi na usichimbe mchanga ovyo.

Mengine ni ya kawaida. Amkia wazee kabla ya kuuliza maswali. Usirushe mshipi juu ya nyavu za watu. Ijumaa asubuhi wavuvi wengi hupumzika hadi baada ya sala, usishangae kuwa peke yako. Wadogo wasiozidi kiganja warudishe majini kwa mkono uliolowa.

Baada ya hapo

Samaki aliyekufa kwenye ndoo ya maji ya moto ya jua ameshaharibika kabla hujafika nyumbani. Kolekole mchinje hapohapo chini ya mashavu, atoke damu, la sivyo nyama yake inakuwa nyeusi na nzito. Wote waweke kwenye kitambaa kibichi kivulini, au barafu ukiipata. Matumbo usiyatupe watu wanapoogelea.

Chaa mparue magamba, mtoe matumbo, mkate mikato myembamba iliyosogeleana ubavuni, kila upande mitano au sita. Hiyo mikato ndiyo inayofanya vimiba vyake viive na kuliwa. Paka chumvi, ndimu, kitunguu saumu na bizari kidogo, aketi robo saa, kisha mafuta ya moto kwelikweli. Kolekole wa kuchoma na kupaka tui anataka nazi mbili na subira ambayo mimi sina saa mbili usiku.

Rili na ufito uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi usiku huohuo, ukiwa umechoka hivyohivyo. Ndoano zikaushe, uzichomeke kwenye kitu laini ili zisitafute miguu ya watoto. Mimi nazichomeka kwenye ile ndala ya mguu wa kushoto.